Wimbo na Mwenyewe: Historia Fupi ya Kuziandika Nyimbo Katika Kamusi Elezo

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii huzoeleka kutajwa barazani wakati wa kugawana kitu, lakini twaona inafaa sana kufungulia mazungumzo juu ya nyimbo. Wimbo ni mali isiyofungika sandukuni. Ukishatoka kinywani mwa mtunzi hupokewa na mwingine, ukavuka mto, ukavuka mpaka, ukavuka na bahari. Na kila uendako huvikwa vazi jipya: jina jingine, maneno mengine, hata lugha nyingine. Mtunzi aliyebaki nyuma hana nguvu ya kuufuata. Kama jina lake halikuandikwa mahali panaposomwa na watu, basi na lake halipo.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi watu walivyojaribu, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, kuziweka nyimbo katika mpangilio unaoeleweka: kwanza katika vitabu vya wataalamu, kisha katika karatasi ya santuri, na hatimaye katika Wikipedia, yaani kamusi elezo ya intaneti inayoandikwa kwa ushirikiano wa watu wengi na ambayo wanafunzi wetu huisoma kabla hawajafungua kitabu. Huenda msomaji akadhani kwamba kupanga makala ya wimbo ni kazi ya karani tu: kuweka kichwa cha habari, tarehe na vichwa vidogo. Sisi twaona kwamba kuamua jina lipi litangulie, na lipi lifuate, ni kutoa hukumu ya kihistoria. Mifano tutakayoitaja itathibitisha jambo hilo.

Kazi ya Child

Mtu wa kwanza tunayemtaja ni Francis James Child, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Yeye alikusanya tungo za masimulizi zilizoimbwa na watu wa kawaida wa Uingereza na Uskoti, akazichapisha sehemu baada ya sehemu kuanzia mwaka 1882. Alifariki mwaka 1896 kabla sehemu ya mwisho haijatoka. Ikatolewa mwaka 1898. Jumla ya tungo alizozikubali ilikuwa 305.

Tatizo alilokabiliana nalo ni lile lile linalomkabili kila aandikaye juu ya nyimbo. Utungo mmoja aliukuta kwa maumbo mengi: huku jina la msichana ni hili, kule ni lile, huku beti kumi, kule beti ishirini. Je, hizo ni nyimbo mbalimbali, au ni wimbo mmoja? Child aliamua kwamba ni wimbo mmoja wenye matoleo mengi. Basi kila utungo akaupa namba yake, na chini ya namba hiyo akayapanga matoleo kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Utungo maarufu wa “Barbara Allen”, kwa mfano, ni namba 84. Namba haibadiliki hata jina likibadilika, wala haimpendelei mwimbaji huyu kuliko yule.

Utaratibu huo haukufa. Katika karne ya 20 mkutubi Mwingereza, Steve Roud, alianza kuorodhesha kwa kadi nyimbo za jadi za lugha ya Kiingereza, na orodha yake ikakua mpaka ikakusanya kiasi cha nyimbo 25,000. Humo “Barbara Allen” ni namba 54. Ukiwa na namba, waweza kufuata wimbo mmoja katika vitabu, magazeti na kanda zilizotawanyika katika nchi nyingi, na usipotee njiani.

Hata hivyo tungo za Child zilikuwa na sifa moja iliyomrahisishia kazi: watunzi wake walikuwa hawajulikani tena. Hakuna aliyekuja kudai haki yake. Mambo yalibadilika mara mashine ya kunasa sauti ilipoingia.

Karatasi ya santuri

Wenye umri miongoni mwetu wanaikumbuka santuri, na ile karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati yake. Karatasi ile ilikuwa ndogo, lakini ilibeba habari nyingi: jina la wimbo, jina la mwimbaji, jina la kampuni na namba ya santuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa makala ya kwanza ya wimbo iliyoingia nyumbani kwa mtu asiye mtaalamu.

Kwa upande wa Kiswahili, historia hiyo haiwezi kusimuliwa pasipo kumtaja Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba taarabu ili inaswe katika santuri. Kwa santuri zile sauti yake ilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kukanyaga, na pamoja na sauti lilikwenda jina lake. Huo ndio wema wa karatasi ya santuri. Upungufu wake ni kwamba nafasi ilikuwa finyu. Mara nyingi ilimtaja aliyeimba, lakini aliyetunga maneno, aliyetia sauti na waliopiga ala wakaachwa nje.

Katika nchi za bara, mtu aliyejitahidi kuujaza upungufu huo ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika. Alisafiri na mitambo yake katika nchi nyingi, na mwaka 1954 akaanzisha nchini Afrika Kusini taasisi ya kuhifadhi muziki wa Afrika. Mfululizo wake wa santuri ulizidi sahani 200. Kila wimbo aliuwekea maelezo: kabila na lugha ya waimbaji, mahali uliporekodiwa, ala zilizopigwa na aina ya wimbo wenyewe, kama ni wa kazi, wa ngoma au wa kubembelezea mtoto. Twaweza kumlaumu Tracey kwa mengine, lakini utaratibu huo umewafaa wengi.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, mji ambao leo huitwa Likasi, Tracey alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa kwa ufundi wa ajabu. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Kipande chake kiitwacho “Masanga” kilivuma Afrika na ng’ambo, na nyimbo zake za Kiswahili cha Katanga zikasikika mpaka Nairobi. Lakini mtafute leo katika orodha mbalimbali, utamkuta hapa ni Jean-Bosco Mwenda, pale ni Bosco Mwenda, na kwingine ni Mwenda wa Bayeke. Mwanafunzi asiyejua atadhani ni watu watatu. Mtu mmoja amegawanyika vipande, na sifa zake zimegawanyika naye. Tumeutaja mfano huu kwa sababu tutauhitaji mbele.

Simba aliyepotezewa jina

Kama kuna wimbo unaoonyesha madhara ya kuandikwa vibaya, ni “Mbube” wa Solomon Linda. Neno hilo kwa Kizulu maana yake ni simba. Linda na kundi lake, Original Evening Birds, waliurekodi mjini Johannesburg mwaka 1939 katika studio ya kampuni ya Gallo. Haki za wimbo ziliuzwa kwa kampuni kwa shilingi 10.

Santuri ile ilifika Marekani, ikaingia mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger. Yeye aliusikiliza, akayaandika maneno kama alivyoyasikia. Linda na wenzake waliimba “uyimbube”, yaani wewe ni simba; sikio la mgeni likasikia “Wimoweh”. Chini ya jina hilo kundi la The Weavers liliutoa, na mwaka 1952 ukavuma kote Marekani. Mahali pa mtunzi paliandikwa Paul Campbell, jina la bandia walilolitumia The Weavers wenyewe. Mwaka 1961 kundi jingine, The Tokens, liliutoa tena kwa maneno mapya ya Kiingereza na jina la tatu: “The Lion Sleeps Tonight”. Toleo hilo lilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Marekani. Mwaka uliofuata, 1962, Solomon Linda alifariki akiwa maskini.

Mwaka 1994 wimbo ule ulisikika katika filamu ya “The Lion King”, na kizazi kipya kikaupenda bila kujua ulikotoka. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, alichapisha uchunguzi mrefu uliofuata njia yote ya wimbo tangu Johannesburg. Mwaka 2004 warithi wa Linda walipeleka madai mahakamani, na mwaka 2006 yakafikiwa mapatano yaliyomtambua Linda kuwa mtunzi mwenza na kuwapa warithi wake sehemu ya mapato.

Tuangalie jambo hili kwa macho ya mpangaji wa habari. Wimbo mmoja ulipewa majina matatu, na kwa kila jina ukawekwa katika kabati lake. Aliyefungua kabati la tatu hakuwa na njia ya kulijua la kwanza. Hakuna aliyelazimika kusema uongo mkubwa; ilitosha kila mmoja kuandika habari za toleo lake na kunyamaza juu ya lililotangulia.

Kamusi elezo ya wote

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Neno “wiki” limetoka katika lugha ya Hawaii, na maana yake ni haraka. Lilitumiwa kwanza kwa shughuli hii na Ward Cunningham mwaka 1995, alipobuni programu iliyomruhusu kila msomaji kuusahihisha ukurasa anaousoma. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Humo yeyote aweza kuandika, na yeyote aweza kufuta. Hali hiyo yatisha, na walimu wengi wameilalamikia. Lakini ndiyo iliyowalazimisha waandishi wake kupatana juu ya kanuni. Mahali ambapo hakuna mhariri mkuu, utaratibu ndio mhariri.

Kanuni za makala za nyimbo zilikua polepole, kwa majadiliano na mara nyingine kwa ugomvi. Tutazitaja zile za msingi, hasa jinsi zilivyotulia katika toleo la Kiingereza, ambako makala hizo ni nyingi.

Kwanza, wimbo mmoja hupewa makala moja. Mwimbaji wa pili akiuimba, habari za toleo lake huwekwa katika makala ile ile, chini ya kichwa chake. Hapa twaiona hekima ya Child: namba moja, herufi nyingi. Makala ya simba wetu katika Kiingereza inakaa chini ya jina la mwaka 1961, kwa kuwa kanuni nyingine hutaka jina linalojulikana zaidi. Lakini sentensi ya kwanza hupeleka msomaji moja kwa moja kwa Solomon Linda na mwaka 1939. Makabati matatu yamekuwa moja.

Pili, sentensi ya kwanza husema wimbo ni wa nani, wa mwaka gani, na ulitoka katika albamu ipi. Majina ya nyimbo huwekwa katika alama za kunukuu, na ya albamu huandikwa kwa herufi za mlazo, ili sehemu isichanganywe na kitu kizima. Jambo hilo ni dogo, lakini mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za muziki atakubali kwamba linaondoa utata mwingi.

Tatu, pembeni mwa makala huwekwa kisanduku cha habari, ambacho twaweza kukiita mjukuu wa karatasi ya santuri. Ndani yake mna jina la wimbo, mwimbaji, tarehe ya kutolewa, aina ya muziki, kampuni, mtunzi na mtayarishaji. Tofauti yake na santuri ni kwamba mahali pa mtunzi hapasahauliki. Pakiachwa wazi, uwazi huo huonekana, na msomaji hujiuliza.

Nne, mwili wa makala hufuata mwendo wa maisha ya wimbo wenyewe: asili yake, utunzi na maudhui, kurekodiwa, kutolewa, mapokezi ya watu, kisha matoleo ya wengine. Mwishoni huja marejeo, kwa sababu kila dai lapaswa kuonyesha lilipotoka. Maneno ya wimbo hayanakiliwi yote, kwa kuwa ni mali ya mwenye haki.

Tano, kuna maelekezo na jamii. Elekezo ni ukurasa usio na habari, ambao kazi yake ni kumpeleka msomaji kwenye jina lililokubaliwa. Yeyote atakayeandika Bosco Mwenda au Mwenda wa Bayeke aweza kufikishwa kwa mtu yule yule mmoja. Jamii, zilizoanza kutumiwa mwaka 2004, ni mafungu: nyimbo za mwaka fulani, nyimbo za Kenya, nyimbo za Kiswahili. Tena, kuanzia mwaka 2012 upo mradi wa Wikidata, ambao hukipa kila kitu namba moja inayounganisha lugha zote. Child angefurahi kuiona.

Mizani ya “Malaika”

Utaratibu hupimwa kwa jambo gumu, nasi tunalo letu. Karibu kila mgeni anayejifunza Kiswahili huukuta wimbo wa “Malaika” mapema. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndiye anayetajwa zaidi kuwa mtunzi. Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965. Boney M. waliutoa mwaka 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya “Logozo” mwaka 1991. Lakini lipo dai jingine la siku nyingi, kwamba aliyeutunga ni Adam Salim, Mtanzania, katika miaka ya 1940. Na wametajwa wengine pia. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na mjadala haukuzikwa pamoja naye.

Mwandishi wa makala afanyeje? Akiwa Mkenya aweza kushawishika kuandika jina moja na kuyanyamazia mengine. Akiwa Mtanzania, vivyo hivyo kwa upande wake. Kanuni za kamusi elezo humkataza. Humtaka aeleze nani aliurekodi wimbo na lini, kisha aweke kichwa kidogo juu ya utunzi, ataje kila dai, aliyelitoa na mahali lilipochapishwa. Wala asimpe Boney M. nafasi ya kwanza kwa sababu eti santuri zao zilienea zaidi. Makala iliyopangwa hivyo haiumalizi mgogoro, lakini humpa kila mdai kiti barazani. Na wale waliokwisha kufariki, ambao hawawezi tena kujisemea, hupata mahali pa kutajwa.

Upungufu uliobaki

Hatusemi kwamba utaratibu huo umekamilika. Kisanduku kilibuniwa kwa ajili ya nyimbo za viwandani, zenye tarehe ya kutolewa na nafasi katika orodha za mauzo. Wimbo wa unyago, wa kutwanga au wa wavuvi hauna kampuni wala mtayarishaji, na mtunzi wake ni kijiji kizima. Ukiuingiza katika kisanduku kile, nusu ya nafasi itabaki tupu, na msomaji atadhani wimbo ndio wenye kasoro. Kwa nyimbo hizo twaona vichwa vya Tracey vinafaa zaidi: lugha, mahali, ala, shughuli na waimbaji.

Upungufu wa pili ni wa marejeo. Kamusi elezo hutaka ushahidi uliochapishwa, na habari nyingi za nyimbo zetu bado zimo vichwani mwa wazee. Mzee aweza kukumbuka kwa uhakika nani alitunga wimbo gani na katika harusi ya nani. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeyaandika, kamusi haiwezi kuyapokea. Twarudi palepale: asiyekuwepo na lake halipo.

Hapa ndipo penye kazi ya mwalimu wa Kiswahili, hasa katika nchi ambazo lugha hii imefika pamoja na gitaa, dansi na redio. Twapendekeza zoezi moja jepesi. Kila mwanafunzi achague wimbo mmoja wa Kiswahili unaoimbwa kwao. Amwulize mzee au mwanamuziki wa jirani. Aandike majina yote ya wimbo huo, matoleo anayoyajua, mtunzi anayetajwa na yule aliyemtaja. Kisha apange habari hizo kwa mwendo tuliouonyesha: jina, mtunzi, asili, kurekodiwa, matoleo. Kazi bora zichapishwe katika majarida ya shule na ya vyama kama hiki chetu, ziwe ushahidi unaoweza kurejewa. Na mwanafunzi atakayeweza aipeleke habari hiyo katika Wikipedia ya Kiswahili. Kwa njia hiyo atajifunza insha, historia na adabu ya kutaja haki ya mtu, vyote kwa pamoja.

Solomon Linda alingoja miaka 67, tangu studio ya Johannesburg hadi mapatano ya mwaka 2006, kabla jina lake halijarudishwa rasmi kando ya wimbo wake, na hakuwapo kulisikia. Wapo watunzi wa Kiswahili, wake kwa waume, ambao bado wanaishi na nyimbo zao zaimbwa kila wikendi chini ya majina ya wengine. Tukiwauliza sasa, watatujibu wenyewe.